Mwalimu, Rejista ya Chanjo Imefunguka

Mwalimu Owino,

Nimeianza barua hii mara tatu na kuinuka mara tatu. Nakaa, nasikia kama feni ya kompyuta imebadilisha sauti, naenda kuangalia, nakuta iko sawa. Tangu tukuzike sijui kutulia. Sista Chepkoech, mkuu wetu wa zahanati, anasema nitatoboa sakafu kwa kwenda na kurudi. Acha nikuambie yaliyotokea kabla sijainuka tena.

Ile kompyuta uliyotuwekea hapa Merigi ilianza kujizima mwezi wa pili baada ya kukuzika. Mwanzoni mara moja kwa siku, halafu kila nikifika herufi ya K kwenye rejista. Unajua majina ya huku, nusu ya watoto majina yao yanaanzia hapo. Wakati huohuo surua ikaingia upande wa juu, kwenye mashamba ya chai. Sista akataka orodha ya watoto ambao hawajachanjwa, na orodha ilikuwa ndani ya programu uliyoiandika wewe mwenyewe, jioni baada ya kazi yako ya ofisini kwenye kiwanda cha chai. Vitabu vya zamani vilinyeshewa, unakumbuka. Hakukuwa na kwingine pa kuangalia.

Fundi alikuja kutoka Sotik. Akasema diski bado ni nzima lakini bodi inakufa, na kompyuta za siku hizi hazitaielewa programu yako. Isitoshe, mwaka elfu mbili ukifika zote zitachanganyikiwa, kwa hiyo tuiandike upya. Aiandike nani, Mwalimu? Wewe uko chini ya udongo.

Hapo nikakumbuka lile tulilogombania. Ulikuwa umeniambia kuna njia: unaunganisha vipande viwe mashine mpya, unaweka ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta uliokuja na sidii ya gazeti, halafu ndani yake unatengeneza kompyuta nyingine isiyoshikika, inayoiga ile ya zamani. Programu inaendelea na kazi bila kujua imehamishwa. Ulitaka nijifunze. Nilikujibu mbele ya wagonjwa, "Mimi ni karani wa kadi, si fundi wa kufungua masanduku." Kisha ukalazwa hospitalini, ukatuma mtu aniite, nami nikasema nitakuja wiki ijayo. Wiki iliyofuata tulikuwa tunakuchimbia kaburi.

Kwa sababu hiyo niliogopa kwenda kwa mkeo. Nilifika kwake Kapsoit na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikasimama mlangoni. Mama Akinyi hakunilaumu. Alitoa kasha la vipande ulivyokuwa ukikusanya, bodi, memori, diski, na ile sidii, akaliweka miguuni pangu. "Alisema ni la Chelangat," akaniambia. "Alikungoja."

Afadhali angenitukana.

Mara ya kwanza mashine haikuwaka, kwa kuwa sikuisukuma memori hadi ilie tak. Mara ya pili iliwaka lakini haikuiona diski. Kumbe kale kapini kadogo nyuma yake nilikachomeka pabaya. Nilikula nimesimama. Mfumo ulipokubali kuingia, nikatengeneza ile kompyuta ya ndani kama ulivyoeleza, nikanakili programu yako kutoka kwenye diski ya zamani, nikaiita iamke. Kioo kikabaki cheusi. Nikaiita tena. Cheusi. Na kesho yake asubuhi Sista alitakiwa atoke na kisanduku cha chanjo, aende nyumba kwa nyumba akibahatisha.

Nikatoka nje, nikazunguka zahanati, nikarudi, nikazunguka tena. Ndipo nikakusikia ukinikaripia kama zamani: "Washa printa kwanza, dada. Bila printa haiamki." Printa ilikuwa imewaka mezani, lakini ile kompyuta ya ndani sikuwa nimeijulisha kuwa printa ipo. Programu yako ilikuwa imekaa kimya inaingoja. Nikaongeza mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio, nikaiita mara ya tatu.

Kioo kikajaa majina. Nikafika K, nikapita, nikaenda mpaka mwisho. Nikalia mpaka mama mmoja kwenye foleni akaniletea maji.

Sista aliondoka na orodha mkononi. Mtoto mmoja, wa Mama Cherono, alimkuta tayari ana vipele vya surua. Amelazwa hapa kwetu. Siku mbili za kwanza hata kumtazama nilishindwa, nikihesabu moyoni siku nilizochelewa kwenda Kapsoit. Jana aliomba uji. Wengine walikuwa bado wazima, wakachanjwa, na mpaka leo hatujasikia aliyeugua kati yao.

Watu wananiita fundi sasa. Naitika, lakini kila nikiitika nakuona kwenye kile kitanda, ukitazama mlango. Nisamehe, Mwalimu. Ningeweza kuja. Gari lilikuwepo, nauli nilikuwa nayo, ni kiburi tu.

Lala salama. Umepumzika, nami sijui kama nitapumzika karibuni, lakini nakuahidi jambo moja: mtu akiniita, nitakwenda siku hiyohiyo. Naiacha barua hapa. Mama Cherono ametuma watu waniite wodini. Hawakusema kwa nini, lakini naenda sasa hivi.

Mwanafunzi wako,
Chelangat