Lori la Baba Limezimwa kutoka Mombasa

Siyu

Mdogo wangu Ridhwani,

Salamu aleikum. Sisi wazima, na kitambi changu bado kinanitangulia mlangoni.

Injini ya kompyuta uliyolitia lori la marehemu baba ni tamu, wallahi. Hata mimi nisiyejua kuzima simu naliwasha kwa kidole. Lakini jana nikimkimbiza binti yangu Zamzam bandarini Mtangawanda tuwahi boti ya kwenda hospitali, uchungu wa kuzaa umemshika, wewe ukalizima lori kwa simu yako huko Mombasa! Nilipokupigia ukanijibu, "Kaka, si ungeomba ruhusa kwanza?"

Amejifungulia juu ya magunia ya nazi. Mtoto yu hai, alhamdulillahi.

Njoo uchukue injini yako, bwana mkubwa. Lori la baba litavutwa na punda.

Kakako,
Dawud