Mwendo wa Saa Kumi na Tano Kutoka Toronto

Jumanne, 14 Januari 2025

Dada Matrida bado yuko mochwari Bunda. Atazikwa hapa Mugeta kwa mume wake, ila ukoo unamsubiri Magige, kifungua mimba wake, aliye Toronto. Udongo wa kwanza kaburini hutupwa na yeye. Sibishi, ndiyo mila. Jioni kapiga simu: anaelekea uwanja wa ndege.

Ephraim, mtoto wa Mzee Maige aliye shemeji ya marehemu, akatafuta kwenye simu: Toronto hadi Mwanza. Kilomita elfu kumi na mbili, mwendo wa saa kumi na tano. Basi kesho mchana yuko hapa! Nikawaeleza taratibu: hiyo ni kama kuvuta uzi juu ya tufe. Hakuna ndege inayopita njia hiyo. Atashuka Doha, asubiri. Atashuka Dar, asubiri tena. Halafu bado barabara kutoka Mwanza. Hesabuni siku mbili, hata zaidi. Mzee Maige akasema Mwalimu, yaani mimi, alizoeaga ubao, hata msibani anautafuta. Wakacheka. Mazishi Alhamisi asubuhi.

Jumatano, 15 Januari

Hajafika. Simu haipatikani – yuko angani, anasema Ephraim, kwa fahari kama ndiye rubani. Wamemtoa dada mochwari, eti kuokoa muda. Kwa joto hili! Nyangi, binti yake, aliyemwogesha na kumlisha tangu apooze, aliwasihi wasubiri. Walikuwa wanachagua ng'ombe wa kuchinja.

Alhamisi, 16 Januari

Kinyaa.

Kaburi limechimbwa tangu alfajiri. Jeneza liko sebuleni, Nyangi anapepea kwa kanga, na harufu imeanza. Nje, watu wanagombania maini. Mzee Maige karudisha sahani – nyama ngumu. Mimi hata chai imenishinda.

Mchana wakaanza habari ya mgomba. Kaburi likishachimbwa halilali tupu, kwa hiyo ukatwe mgomba ulazwe humo, marehemu angoje hadi kesho. Nyangi akawauliza nani kati yao atalala naye sebuleni. Mmoja akaomba chumvi.

Karibu saa kumi simu ya Ephraim ikaita. Magige! Nikapewa, maana mimi ndiye mjomba. Alisema yuko Doha, ndege imechelewa, hajalala.

"Hapa jua ndiyo linachomoza, mjomba. Nisubirini tu."

Saa ya Doha na saa ya Mugeta ni moja. Jua letu lilikuwa limeshaegemea ziwani, na la Doha lilikuwa karibu kuzama. Linakochomoza wakati huo ni Toronto. Nimefundisha jambo hili maisha yangu yote, Magige mwenyewe akiwa dawati la mbele.

Nikakata simu.

Amefika wapi, akauliza Mzee Maige, mfupa mkononi. Nikamwambia bado yuko kwake. Ephraim akabisha, akanionyesha tena zile kilomita. Nikamgeukia Nyangi.

"Chukua koleo, mama. Udongo wa kwanza utautupa wewe."

Sasa wazee wako nyuma ya nyumba, kikaoni. Namsikia Maige akisema mjomba hana sauti katika ukoo huu. Kweli, sina. Naandika hapa mlangoni. Nyangi hakungoja kikao – kaita wanaume wanne wa jirani, wamefunga kanga puani, wameshainua jeneza. Wananiambia shikamoo, Mwalimu, tunaomba njia. Nasogeza kiti.