Kwa Katibu wa Mkutano wa Kwaya, Ambaye ni Mdogo Wangu

Mpumudde,
S.L.P. 417,
Jinja.
11 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Lawrence,

Salamu kwanza, kwa kuwa mama alitulea hivyo, hata mtu akija kugombana aulize kwanza watu wamelalaje. Hamjambo hapo Nkoma? Mkeo Namono amepona ile malaria? Magoti ya mama yanaendeleaje na hii mvua? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Andrew bado yuko kwenye zamu za lango la gereza, watoto wanakula na kukua, mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa. Afya ninayo na hasira ninayo, na ni hasira iliyonikalisha mezani leo.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilifurahi, nikaifungua nimesimama, kabla sijatua hata kikapu cha sokoni. Ndani nikakuta karatasi ya taipu, Kiingereza kitupu, inayoniita "Madam". Mimi, niliyekubeba mgongoni kule Moroto mpaka mabega yakaota sugu. Chini kuna muhuri wa buluu na jina lako refu, Katibu, Mkutano wa Walimu wa Kwaya, Mbale, 19 hadi 23 Agosti. Nilimwuliza Andrew kama huyu bwana nimjibu au nimpigie saluti. Alicheka, mimi sikucheka.

Umeandika kwamba kwaya ya shule yetu imeondolewa kwenye ratiba. Kila kwaya ilete wimbo wa lugha ya mama, na Kiswahili hakitakubaliwa, kwa sababu kinawakumbusha watu miaka ya utawala wa wanajeshi. Kisha, ili nisione nimetupwa kabisa, umenikaribisha nije mwenyewe kuwasimamia wapishi. Miaka kumi na minne nafundisha watoto kuimba kwa do re mi, na kamati yako imeona kipaji changu kiko kwenye sufuria.

Lakini Lawrence, wimbo wetu wa Kiswahili sikuuleta kwa kamati kwa kujipendekeza. Wewe ndiye uliyeutaka. Jumatatu ya Pasaka ulikaa darasani kwangu, kwenye benchi la mbele, magoti yamegusa kidevu, ukawasikiliza watoto wakiimba habari za uhamisho wa askari magereza. Ulisikia jinsi sauti ya tatu inavyoshikilia noti moja tu, nzito, huku sauti ya kwanza ikitaja vituo, Gulu, Tororo, Masindi, na jinsi waimbaji wanavyonyamaza mmoja mmoja mpaka abaki mtoto mmoja anayeaga. Ulitoa kitambaa ukafuta uso, ukasingizia joto. Halafu ukasema mbele ya watoto wote, "Dada, hii wimbo lazima ifike Mbale. Mimi ndiye nasema."

Watoto walipiga makofi. Walidhani mtu mkubwa akisema amesema.

Chini ya karatasi umeongeza kwa kalamu, kwa siri kidogo, kwamba niutafsiri kwa Kigisu na mambo yatakwisha, kwani mimi ni Mgisu. Kweli mimi ni Mgisu. Watoto je? Wako sitini na wawili, wote wa askari magereza. Wanaojua Kigisu ni kumi na mmoja. Wengine ni Waacholi, Wateso, Walugbara, Wakaramoja, na wawili baba zao hata wao hawana hakika. Mama zao wakigombania zamu ya bomba la maji wanagombana kwa Kiswahili, na wakipatana wanapatana kwa Kiswahili hicho hicho. Hiyo lugha ya mama unayoitaka nikaitafute wapi?

Hata hivyo nilijaribu, usije ukasema nina kichwa kigumu. Jumatatu niliandika maneno ya Kigisu ubaoni, chini ya noti zile zile. Waliimba kwa adabu, kama watoto wanaomeza dawa. Tulipomaliza, Santa, yule msichana wa Kiacholi aliyeimba peke yake siku ile ya Pasaka, aliinua mkono akauliza, "Madam, sasa hii ni ya nani?" Nilifuta ubao.

Usinifundishe kuhusu miaka ya wanajeshi. Nilikuwepo. Najua watu walilazwa kifudifudi barabarani kwa maneno gani. Lakini hebu nikueleze habari za Shallon, mwalimu mwenzangu, uliyemwona akigawa vitabu. Baba yake alichukuliwa kwao Buwenge mwaka sabini na saba, na waliomchukua walisema Kiswahili. Tulipoanza kujifunza wimbo huu Februari, Shallon alitoka nje akafunga mlango. Wiki ya pili alisimama dirishani. Wiki ya tatu aliingia, akaniambia nimfundishe sauti ya pili, kwa sababu hao watoto hawakumchukua baba yake. Sasa ndiye anayewashikia mapigo. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuukataa wimbo huu, ni Shallon, na yeye hajaukataa. Kamati yako imemlilia machozi bila kumwuliza.

Na wewe, ndugu yangu, unaona haya ya nini? Ulizaliwa Moroto, ukaanza kutembea Masindi, ukaota meno ya pili Tororo. Baba alikuwa koplo wa magereza, hakuwa profesa wa muziki. Ulipougua pale Masindi mpaka tukakata tamaa, mama alikuombea kwa Kigisu usiku na mchana, lakini wewe ulipofumbua macho uliomba maji kwa Kiswahili, na mama akalia kwa furaha hakujali ni lugha gani. Sasa unavaa tai, unakaa na wageni wa kutoka Nairobi na Ulaya, na unataka waamini ulizaliwa kwenye mteremko wa Mlima Elgon ukiwa na vazi la utamaduni. Nimekuonea aibu. Nimeiandika hiyo sentensi mara mbili nikaifuta, mara ya tatu nimeiacha.

Huku kila kitu kilikuwa tayari. Sare zimeshonwa. Afande Eriya, mkuu wa kambi, ambaye hata mke wake hamwombi kitu mara mbili, aliniita mwenyewe ofisini. Aliniambia, "Mwalimu, lori iko. Sema tu siku gani." Tangu Jumamosi napita nyuma ya jiko la kambi ili nisikutane naye. Mtu wa umri wangu, najificha kama mwizi wa kuku kwa sababu ya muhuri wako.

Mwisho wa barua yako umeniagiza niwajulishe wanafunzi ipasavyo. Hilo sitalifanya. Mambo mengine nitakutii, Katibu, hili hapana. Sijawaambia neno, na jana wameimba vizuri kuliko siku zote.

Mazoezi ni kila Jumatano saa kumi. Wewe panda gari uje. Nitakuwekea lile benchi la mbele. Uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe, wakikutazama, kwamba hawaimbi, na uwaeleze ni kwa nini. Utawaambia kwa Kiswahili, Lawrence, maana ukitumia lugha nyingine yoyote nusu yao hawatajua kwamba umewakataa.

Nisalimie Namono na watoto wote, na shangazi Margret akipita hapo. Shallon na Andrew wanawasalimu. Mama mpe salamu zangu kwa mkono, umshike na magoti, ila barua hii usimsomee. Akiuliza nimeandika nini mwambie nimeuliza habari za afya, na si uongo.

Mungu awape usingizi mwema hapo nyumbani. Wewe akulinde njiani, kwa maana Jumatano nakutazamia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Norah