Barua Inayosema Nilikuwa Naimla

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na Karatu yote ni tope lile jekundu linalobaki na kiatu mguu ukishatoka. Moyo wangu nao haujatulia.

Nina barua mezani. Inanisifu, na mimi mtu akinisifu huwa nasubiri ombi. Hii imekuja na la kwake: sahihi.

Imeandikwa kwa jina langu, ila si mimi niliyeiandika. Aliyeiandika ni Daktari mmoja wa chuo kikuu huko Dar, mtafiti wa namna walimu wa vyuo wanavyofundisha. Miaka minne iliyopita alikuja kwenye chuo chetu cha utalii, akakaa nyuma ya darasa langu la takwimu wiki mbili. Sasa anaomba uprofesa, na wakubwa zake wanataka ushahidi kwamba utafiti wake umebadilisha kitu nje ya makaratasi. Ushahidi huo ni mimi.

"Dada yangu, ni kasahihi tu," aliniambia kwenye simu. "Ijumaa mwisho."

Vijisahihi vya hivyo ndivyo vinavyoniogopesha. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya huku. Hesabu nilianza kujifunza pale, nikilitazama debe la mnyapara ambalo halikujaa hata siku moja. Diploma na shahada nimesoma nikiwa kazini. Nikipewa karatasi, natazama namba kwanza.

"Zaidi ya wanafunzi 1,200 wamefikiwa." Wamefikiwa wapi? Chumba changu kina viti arobaini na viwili. Darasa moja kwa mwaka, miaka minne: 168, tena nikiwahesabu na wale wawili walioacha masomo.

Nikaitafuta makala yake mtandaoni. Imenukuliwa mara thelathini na moja. Nikazipitia moja moja mpaka chai ikapoa. Kumi na tisa amejinukuu mwenyewe. Na mimi nimo, ukurasa wa tatu. Naitwa "mwalimu mmoja wa kaskazini".

Na njia ya kufundisha anayoiandika ni yangu! Kila kipindi naanza kwa kuwaambia wanafunzi wakisie: ng'ombe wangapi wamepita, twiga wangapi kwenye picha. Kila mtu anaandika jibu lake, ndipo tunahesabu na kutafuta kwa nini tumekosea. Nje ya dirisha ni njia ya mnadani, kwa hiyo mifugo ya kukisia haikosekani. Daktari ameipa jina, "Mbinu ya Makadirio Tangulizi". Sisi tulikuwa tunaiita kukisia.

Lakini sentensi iliyonipandisha presha ni hii: "Kabla ya utafiti huu nilikuwa nafundisha kwa kuwaimlia wanafunzi maandishi."

Mimi? Niimle, nisome kitabu wao wanakili tu?

Jana nikaandika malalamiko kurasa mbili, nikakusudia kuyapeleka chuoni kwake aukose huo uprofesa. Nilibakiza shahidi tu. Nikampigia Nasieku, aliyekuwa darasani mwaka ule. Kwao ni Olbalbal, kwa wafugaji. Siku hizi anaongoza wageni wa loji moja hapa mjini, na masika hii wageni hakuna.

Leo mchana amekuja, tope magotini, daftari zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Daftari za chuo situpi, Madam. Baba aliuza madume wawili ili niziandike."

Nikamsomea ile sentensi, nikasubiri akasirike kwa niaba yangu. Akageuka kutazama dirishani.

"Madam, niseme au niache?"

"Sema."

"Ulikuwa unaimla. Hata 'nukta' ulikuwa unatutamkia. Wengine tuliiandika kwa herufi."

Akafungua daftari. Wiki sita, kurasa thelathini na nane, mwandiko umebanana. Ni kitabu changu cha zamani, mkato kwa mkato, na kweli humo ndani mna neno "nukta" limeandikwa mwishoni mwa sentensi. Ukurasa wa thelathini na tisa umeanza hivi: "Leo kuna mgeni. Madam ametutoa nje."

"Na ulivaa vile viatu vya harusi," akaongeza, akicheka. "Tukasema, Madam leo anaposwa!"

Viatu ndivyo vilivyonikumbusha. Kisigino kilikatikia pale kwenye uzio. Nikaikumbuka na hofu yenyewe: mtu wa Dar na kalamu yake nyuma ya darasa, mimi mbele na kitabu mkononi, mdomo uko tayari kuimla. Niliona aibu. Nikawatoa nje bila mpango wowote, ng'ombe wakapita, nikasema kisieni.

Nasieku peke yake hakuandika namba. Alisema kwao ng'ombe hawahesabiwi. Unawatazama tu, unajua nani hayupo. Kuulizana kwa nini tumekosea kulianzia kwenye jibu lile, na mimi nikalichukua kuwa langu.

Miaka minne nimekuwa nikisimulia kwamba nilianza peke yangu. Sikukusudia kudanganya. Niliacha tu kuwahesabu waliokuwepo.

Daktari bado simwamini. Hakunifundisha lolote, alikaa tu. Ila asingekaa, ningekuwa naimla mpaka leo. Hiyo nayo ni athari ya utafiti? Yeye mwenyewe sidhani kama anaijua, maana kwenye makala yake haimo.

Malalamiko nimeyachana. Barua yake sisaini. Nimeandika yangu, sentensi nne, na jina langu kamili: Nilikuwa naimla. Niliacha siku Daktari alipoketi nyuma, kabla hajasema neno. Wazo la kuanzia lilitoka kwa Nasieku, mwanafunzi wangu. Wanafunzi ni 168, si 1,200.

Akiituma kwa wakubwa zake, nitaanza kumwamini kidogo.

Kabla Nasieku hajaondoka nikachungulia daftari la mwanafunzi mmoja wa muhula huu, lililosahaulika mezani. Kati ya wiki sita, tatu nimeimla. Mvua, uchovu, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Nimemwomba Nasieku aje kesho saa mbili asubuhi, akae nyuma.

Amekubali. Amesema atakuja na daftari jipya.