Daftari la Vipimo la Mama

Jumamosi, mawingu mepesi, na sasa hivi Zawadi amezungusha tepu ya kupimia kwenye chupa ya chai, akaikazia macho, akaniambia, "Mum, imenenepa." Ana miaka mitatu. Hakumwona nyanya yake, lakini huko kukunja midomo akipima, sijui amekutoa wapi.

Mama alikuwa fundi wa nguo hapa Makadara. Aliacha cherehani, ambayo tuliuza, na daftari la vipimo. Jina, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Mtaa mzima umo humo.

Mimi hufagia maktaba ya chuo kikuu, upande wa hifadhi ya nyaraka. Nilidhani yale maboksi ni ya karatasi za wakubwa. Siku moja madam anayeyatunza akanifungulia moja: kadi za harusi, zamu za kuosha ngazi za ploti ya wapangaji, barua ya mtu akiomba ruhusa kazini akazike shangazi yake. Akasema watu wa baadaye watataka kujua tuliishi vipi. Nikajipata nimetaja daftari la mama.

Tangu hapo naota mchana. Nikipiga deki naliona ndani ya boksi lake, limelala kwenye karatasi laini, chumba kimepoa, hakuna mende. Mama mwenyewe hakuwahi kuwa na chumba chake peke yake.

Lakini huo ndio mwandiko wake pekee nilio nao.

Jirani yangu wa chini, Mama Brayo, amenicheka. Eti wasomi wanatafuta nini kwenye viuno vya watu. Baadaye akanisihi ukurasa wake usipotee, angalau wajue aliwahi kuwa na kiuno.

Sasa kosa langu. Ukurasa mmoja ulikuwa umeachia. Ni wangu mimi: kila Januari, kabla ya yunifomu mpya, mama alinipima na kuandika chini ya vipimo vya mwaka uliopita. Nikataka uende ukiwa safi. Nikaupeleka saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, ukatiwa laminesheni, vile tunafanyia cheti cha kuzaliwa, nikampelekea madam nikitabasamu.

Akaushika, akaugeuza upande wa pili. Halafu akanieleza pole pole kwamba ule moto na gundi vinakula karatasi, na plastiki haitoki tena bila kung'oa maandishi. Nilitamani ile sakafu ninayofagia ipasuke.

"Usilie," akasema. "Huu umeshaupika, kaa nao wewe. Hizo zingine niletee mbichi."

Wiki nzima nimeulaza chini ya mto. Nagusa plastiki, chini yake niko darasa la tatu, nimesimama na mikono juu, mama ana pini mdomoni.

Haya. Huu ubaki. Daftari liende.

Leo watu wa hifadhi wanazunguka mitaani kuchukua karatasi za watu, na hapa watapita saa nne. Ukurasa wa mwisho una mistari mitupu. Madam alisema nikiwa na la kuongeza nitumie penseli, sio biro. Nimemsimamisha Zawadi juu ya stuli, tepu inamtekenya, anacheka. Naandika kwanza kwenye daftari, herufi zangu mbaya chini ya zile nzuri za mama, halafu hapa kwa simu: Zawadi, mjukuu. Kifua 21. Kiuno 20. Urefu

Mama Brayo ananiita, gari la chuo limefika, na bado sijamalizia