Kigaeli cha Mama Kisiwani Skye

Portree, Skye, Uskoti

Mdogo wangu Peigi,

Hujambo? Siku nne za matembezi zimepita, na mvua ya huku haijanichosha. Leo nimeingia mkahawani nikaagiza chai kwa Kigaeli cha Mama, kilekile tulichochapiwa viboko shuleni kwa kukisema huko Cape Breton. Binti aliyenihudumia akauliza, "Bibi, wewe wa kijiji gani hapa kisiwani?"

"Mie mgeni, mwanangu. Nimetoka Kanada."

"Acha utani! Mbona unaongea kama marehemu bibi yangu?"

Peigi, nimetoka pale kichwa juu! Usinikasirikie kwa nililokuficha: daktari alitaka nipasuliwe moyo kwanza, nikakataa mpaka nifike huku. Jumatatu narudi kulazwa, na siogopi. Nimesema lugha yetu huku walikotoka wazee wetu, na nimeitikiwa.

Dada yako akupendaye,
Seonag