Kaa la Moto Kinywani mwa Fuvu

Aftab,

Wali upo kwenye hotipoti, mchuzi upashe tu. Usikanyage zulia la sebuleni, bado limelowa. Mnara wako wa dadu uko uani, unakauka juani. ~~Sijui umefikaje huko.~~ Haya, nimeulowesha mimi.

Mama Shilinde alikuja asubuhi kuniaga, anakwenda Puge kwa wazazi wake. Nikataka kufukiza udi kidogo, chetezo changu nikakikosa. Nikaona kijumba chako cheusi kabatini: juu kina tundu, chini fuvu limeachama. Nikasema, kumbe mwanangu kaninunulia chetezo kipya! Nani angejua ni cha kurushia dadu za mchezo wenu wa mizimu? Nikatia kaa la moto na udi kwa juu. Kumbe ndani kuna vingazi! Kaa likashuka tak, tak, tak, likatokea kinywani mwa fuvu, moshi nyuma yake, mpaka miguuni pa Mama Shilinde. Karuka na kikombe chake cha chai. Nikamwaga ndoo nzima ya maji.

Mbao haijaungua, ila meno mawili ya fuvu yamekuwa meusi. Yamependeza zaidi, usinibishie.

Namsindikiza stendi, nitarudi kabla wenzako hawajafika. Kila Jumamosi mnanifungia mlango wa sebule yangu mwenyewe: "Mama, huu mchezo utakutisha." Basi leo nimeshatishika. Niwekee kiti.

Mama yako